Safari ya Siku Tatu kwa Wahadza wa Mkalama: Gari Zuri, Ukalimani Hafifu

Mwishoni mwa Juni, watu tisa tunaoishi Dodoma tulichanga fedha na kununua safari ya siku tatu kwenda kwa Wahadza, kupitia kampuni moja ya utalii ya hapa jijini ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa mazungumzo yangu nayo hayajafungwa. Kila mmoja alilipa shilingi 360,000. Kipeperushi kiliahidi usafiri, mahema, milo yote, mwongozaji mzoefu, matembezi ya mawindo alfajiri, ngoma ya usiku na, kwa herufi nene kuliko nyingine zote, nafasi ya kusikia lugha ya kale zaidi duniani. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa fedha mfukoni, na ndiyo nitakayoizungumzia kwa kirefu, maana hayo mengine ama yalikuwa mazuri au yalikuwa ya kawaida.

Usafiri niumalize haraka. Tulipewa Land Cruiser mbili zilizotunzwa vizuri na madereva wawili waliojua kazi yao. Tuliondoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri, tukapita Bahi, tukanywa chai Manyoni, na kabla ya saa sita tulikuwa Singida, mwendo wa kilomita takriban 240 za lami. Chakula cha mchana kilikuwa kuku wa kienyeji, na anayejua kuku wa Singida hahitaji maelezo zaidi. Kutoka hapo tulishika njia ya Iguguno hadi Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, kisha tukaingia barabara ya vumbi kuelekea bonde linaloshuka upande wa Ziwa Eyasi. Mahema yalikuwa safi, ila mawili yalikosa vigingi, na watu wanne walilala wameshikilia turubai kwa mawe. Hilo si la kugombania.

Niseme kwanza tulikwenda kwa nani. Wahadza hawazidi sana watu 1,000, na makadirio ya juu ninayoyajua hufika 1,300 hivi. Wanaishi kulizunguka Ziwa Eyasi, katika Wilaya za Karatu, Mbulu, Meatu na Mkalama. Ni miongoni mwa watu wachache sana barani Afrika ambao sehemu yao bado inapata riziki kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi. Kipeperushi kiliwaita Watindiga kwenye kichwa cha habari na Wahadzabe ndani ya maelezo. Watindiga ni jina walilopewa na watu wengine. Ama Hadzabe, huo tayari ni wingi: Hadza ni mtu, na kiambishi cha mwisho ndicho kinachofanya watu, kwa hiyo tunaposema Wahadzabe tumewatia wingi mbele na nyuma, kama mtu anayevaa kofia mbili. Jina limeshazoeleka nchini na sina ugomvi na anayelitumia, lakini kampuni inayouza lugha ya watu ingepaswa angalau kujua hilo moja.

Kuhusu lugha ya kale zaidi duniani, hakuna kitu kama hicho. Kihadza kimesafiri vinywani mwa watu kwa muda uleule ambao Kigogo, Kinyaturu na Kiswahili vimesafiri, kikibadilika njiani kama lugha nyingine zote. Kinachokitofautisha ni kwamba hakijapatiwa ndugu. Zamani wanaisimu, wakimfuata Joseph Greenberg, walikiweka kapu moja na lugha za Kikhoisan za kusini mwa Afrika kwa sababu ya sauti za vidoko, yaani zile za kugonga ulimi. Uchunguzi wa baadaye uliona kwamba vidoko peke yake havitoshi kuthibitisha undugu, na leo wengi wanakihesabu kuwa lugha pweke, isiyo na jamaa inayojulikana popote. Sifa hiyo inatosha kabisa kumvutia mteja. Sijui kwa nini ilibidi waiongezee chumvi.

Tulifika kambini saa kumi jioni. Chini ya mbuyu mkubwa walikaa wanaume sita hivi wakichonga mishale, na upande wa pili, umbali wa hatua kama arobaini, wanawake na watoto walikuwa kwenye moto wao. Mwongozaji wetu, kijana mchangamfu mwenye kofia ya kampuni, alitupanga nusu duara na kumwomba mzee mmoja atuzungumzie kwa lugha yake. Mzee aliweka kisu chini. Alizungumza bila haraka, akatazama mahali tulipoegesha magari, akanyoosha mkono kuelekea upande wa wanawake, akanyamaza kidogo, akaendelea. Nilikuwa narekodi kwa simu, na rekodi inaonyesha dakika moja na sekunde arobaini na mbili. Alipomaliza, mwongozaji alitugeukia akitabasamu na kusema: "Anasema karibuni sana."

Tukapiga makofi.

Mwenzetu mmoja alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Msandawe wa Kwa Mtoro, ambaye sote tulimwita Mwalimu kwa umri wake na kwa kazi yake. Yeye hakupiga makofi. Aliniuliza kwa sauti ya chini: "Karibuni ya dakika mbili inakuwaje?" Mwongozaji alimsikia, au labda alikuwa amepanga kufika hapo, kwa sababu alimshika mkono Mwalimu na kumpeleka mbele ya mzee akitangaza kwamba leo ndugu waliopotezana wamekutana, kwamba Wasandawe na Wahadza ni lugha moja, na kwamba sasa tutashuhudia wakielewana. Mwalimu alijaribu kukwepa. Alipoona wote tumekaza macho, akatoa salamu ya Kisandawe, ya heshima, kama anayomsalimia mkubwa wake kijijini. Mzee wa Kihadza alisikiliza hadi mwisho, kisha akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mzee mwenzangu, sijaelewa. Sema tu Kiswahili."

Hapo ndipo tulipogundua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mzee alijua Kiswahili muda wote na hakuna aliyejishughulisha kumuuliza. La pili, mwongozaji alikuwa anauza undugu usiokuwapo. Kisandawe kina vidoko, ni kweli, na kina wasemaji makumi ya maelfu katika Wilaya ya Chemba na pembezoni mwake. Watafiti kadhaa wanadhani kina uhusiano wa mbali na lugha za Kikhoe za huko Botswana na Namibia. Lakini kati yake na Kihadza hakuna undugu uliothibitishwa, ijapokuwa wasemaji wake wanaishi karibu kiasi kwamba basi moja linaweza kuwapitia wote kwa siku. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba maisha yake yote, tangu chuo cha ualimu, watu wamekuwa wakimwomba atoe ile sauti ya ulimi ili wacheke, na kwamba hii ilikuwa mara ya kwanza kulipia kuombwa.

Nizungumzie sauti zenyewe, kwa kuwa kipeperushi kilizifanya kivutio na wageni wengi hurudi wakisema tu kwamba watu wale wanagonga ulimi. Msemaji wa Kiswahili anavijua vidoko vyote vitatu vya msingi vya Kihadza. Havitumii katika maneno, basi. Cha kwanza ni kile cha ncha ya ulimi nyuma ya meno, tunachokitoa tukisikitika. Cha pili hutoka ubavuni mwa ulimi, na kila aliyekulia Dodoma amekisikia mtu akimhimiza punda wa maji. Cha tatu ni mlio wa ulimi ukibanduka juu ya kinywa kwa nguvu, kama kizibo kikichomolewa. Kwetu ni huruma, amri kwa punda na mchezo wa watoto. Kwa Mhadza ni konsonanti kama b na k, zinazotenganisha neno moja na jingine. Nilitamani mwongozaji aseme hivyo, jambo la nusu dakika. Badala yake alitutaka sote tuzijaribu kwa pamoja, na kwa muda tukawa watu tisa tunaosikitikia punda mbele ya wenyeji walioendelea na mishale yao bila kutuangalia.

Ngoma ya usiku ilifanyika. Ilikuwa fupi, watu waliimba vizuri, na mwezi ulikuwa mkubwa kiasi cha kusoma saa mkononi bila tochi. Nautaja mwezi kwa sababu mwongozaji alituambia hii ndiyo epeme, ngoma takatifu ya Wahadza, na epeme huchezwa usiku wa giza mwezi usipokuwapo. Tulichoonyeshwa kilikuwa burudani ya wageni, na hakuna ubaya wowote katika burudani ya wageni, mradi iitwe hivyo. Matembezi ya alfajiri nayo yalikuwa ya haraka: vijana watatu wenye pinde, sisi nyuma tukivunja vijiti kwa viatu vizito, na wanyama wote wa bonde wakiwa wameshasikia. Walipata kwale mmoja. Mwendo wenyewe, hata hivyo, ulikuwa mzuri, na hewa ya bonde lile saa kumi na mbili asubuhi ni kitu ambacho ningekilipia peke yake.

Safari iliokolewa na homa. Asubuhi ya siku ya pili mwongozaji aliamka anatetemeka, akabaki hemani na dawa zake, na dereva mmoja akaenda kuuliza kwenye moto wa wanawake kama yupo anayeweza kutusaidia. Alirudi na binti wa miaka ishirini na kitu aliyemaliza kidato cha nne, mwenye kanga kiunoni na Kiswahili kilichotulia kuliko cha wengi wetu. Alimwamkia kila aliyemzidi umri, akauliza nani anataka kujua nini, na akatuwekea sharti moja: akitafsiri, tusimkate mtu kauli. Kuanzia hapo tulikuwa kwenye safari nyingine.

Tulianza kwa kumfuata bibi yake kuchimba mizizi. Fimbo ya kuchimbia ilikuwa ya mti mgumu, ncha yake imechongwa na kukaushwa kwa moto hadi ikawa nyeusi na ngumu kama pembe. Bibi aligonga ardhi kwa mpini, akasikiliza, akahamia hatua mbili, akagonga tena, ndipo akachimba. Mzizi ulitoka mrefu kama mkono wa mtoto. Waliuchoma kidogo, wakaumenya, tukautafuna na kutema makapi kama tunavyofanya kwa muwa. Jina lake ni ekwa, likianza kwa kile kidoko cha ubavuni. Mwalimu alilipata kwa jaribio la kwanza, na bibi akacheka na kusema neno ambalo mjukuu wake alilitafsiri hivi: "Anasema ulimi wako umeshapita njia hii, ila ulibeba mzigo mwingine." Sikuwahi kusikia uhusiano wa Kisandawe na Kihadza ukielezwa vizuri zaidi, na haukuelezwa na mwanaisimu.

Tukiwa tumekaa pale, binti alitueleza jambo ambalo niliandika ukurasa mzima wa daftari. Katika Kihadza, wanyama wakubwa wana majina mawili. Punda milia akiwa hai, anakula majani yake, ni dongoko. Lakini mwindaji akirudi kambini na habari kwamba amemwangusha, hasemi nimeua dongoko. Hutumia jina jingine kabisa, hantayii, na watu wakilisikia wanajua kwamba kuna nyama, wanajua ni ya mnyama gani, na wanaanza kujiandaa kwenda kuibeba. Twiga, nyati, simba na wengine wana majina yao ya namna hiyo. Nilimuuliza yeye amesikia mangapi yakitangazwa kwa kweli, si kwa kufundishwa. Alihesabu kwa vidole, akafika manne. Bibi yake, alipoulizwa, hakuhesabu. Alitaja tu, mmoja baada ya mwingine, akionyesha kila mara upande wa bonde alikoangukia mnyama huyo. Upande mmoja sasa ni mashamba. Upande mwingine tuliona vumbi la ng'ombe wengi. Wanyama hawapiti tena, na jina ambalo kazi yake ni kutangaza kifo cha mnyama halina siku ya kutumika asipokuwapo mnyama wa kufa. Kamusi inaweza kulihifadhi neno hilo, lakini haiwezi kumpa mtu sababu ya kulitamka akitoka porini jioni.

Hapa niweke neno kuhusu ardhi. Upande wa Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadza walipata hati miliki ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, na miaka minne kabla yake, mwaka 2007, kampuni ya uwindaji ya watu wa Falme za Kiarabu ilijiondoa katika bonde hilo baada ya malalamiko kupigwa ndani na nje ya nchi. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, palikuwa na juhudi za kuwakusanya wakae vijijini na kulima; wengi waliugua katika makazi hayo ya msongamano, na waliobaki wakarudi porini. Haya yote hayakuwamo katika maelezo ya mwongozaji, aliyetumia dakika ishirini kutueleza jinsi ya kukoka moto kwa kupekecha vijiti.

Wakati wa kununua vitu, bibi alitandaza bangili za shanga na mbegu juu ya ngozi na kuzihesabu kwa sauti. Binti alitufundisha: moja ni ichame, mbili ni piye, na hizo mbili ni zao wenyewe. Tatu ni samaka, ambayo imetoka kwa majirani zao Wataturu, na ambayo ilimfanya dereva aulize bangili na samaki vinahusiana vipi. Nne, bone, imetoka kwa Wasukuma. Baada ya hapo bibi alihamia Kiswahili, kwa kuwa bei zenyewe ni za Kiswahili. Kwa hiyo ndani ya bangili tano tulipita majirani watatu ambao Wahadza wamefanya nao biashara, wamegombana nao na wameoana nao. Nilinunua tatu. Nilizilipa kwa bei aliyoitaja, na nikaona aibu kidogo kwa mwenzetu aliyeomba apunguziwe shilingi 1,000.

Kisha kuna habari ya yule ndege mdogo anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki porini. Juni si msimu wa asali nyingi, hivyo hatukumfuata, lakini binti alimwomba mdogo wake wa kiume apige mluzi wa kumwita, nao ulikuwa wa kupanda na kushuka, mrefu, kama wimbo usio na maneno. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2023 walipima jambo hili: katika milima ya Wahadza ndege hao huitikia mluzi wa Kihadza takriban mara tatu zaidi ya wanavyoitikia sauti ambayo Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji hutumia kwa kazi hiyohiyo, na kule Msumbiji mambo ni kinyume. Yaani ndege amejifunza lugha ya wenyeji wake. Kampuni yetu imekuwa ikileta wageni hapa, kwa maneno ya kipeperushi, kwa zaidi ya miaka mitano.

Jioni ya siku ya pili nilimchezea binti ile rekodi ya dakika moja na sekunde arobaini na mbili. Aliisikiliza mara mbili akiwa ameishika simu karibu na sikio, kisha akatazama chini kabla ya kusema. Mzee alikuwa ameuliza nani ametutuma na kama tumepita ofisi ya kijiji. Alisema wageni waliotangulia walimpiga picha mtoto aliyekuwa mgonjwa, na kwamba mama yake alilia. Akaomba tusielekeze simu kwenye moto wa wanawake hadi tuulize. Alisema maji ya karibu yamechafuliwa na mifugo, sasa wanakwenda mbali, na akauliza kama kati yetu yupo anayefanya kazi serikalini aliyeweza kuufikisha ujumbe huo wilayani. Neno karibuni halikuwamo.

Kati yetu wanne ni watumishi wa serikali. Na picha za moto wa wanawake nilikuwa nazo mimi mwenyewe, kumi na moja, nilizopiga wakati tukipiga makofi. Nilizifuta mbele ya binti, ingawa hakuniomba. Asubuhi yake tulikwenda kwa mzee, watu wazima watano pamoja na Mwalimu, tukamwambia kwamba siku tuliyofika hatukufikishiwa maneno yake. Mwalimu alimuuliza kwa nini hakutuambia tu kwa Kiswahili, maana anakijua. Akajibu kwamba Kiswahili chake ni cha sokoni: anaweza kuuza, kununua na kuuliza njia, lakini jambo zito likipita katika Kiswahili chake hufika limepungua, na alidhani kijana mwenye kofia amelipwa kulifikisha zima. Ujumbe wa maji uliandikwa siku hiyohiyo, ukapita kwa mwenyekiti wa kitongoji kama inavyotakiwa, na mmoja wetu akaupeleka Nduguti tulipokuwa tunarudi.

Kuhusu fedha, risiti yetu ilionyesha ada ya kijiji na kipengele kiitwacho huduma za jamii. Nilipouliza, niliambiwa kipengele hicho kinajumuisha ngoma, mawindo na ukalimani. Binti hakuwa amelipwa chochote na hakuahidiwa chochote. Tulichanga shilingi 90,000 tukampa, kiasi ambacho mwongozaji aliyekuwa amepata nafuu alikiona kikubwa na akatuonya kwamba tunaharibu soko. Binti mwenyewe alituambia, bila kulalamika, kwamba alipoanza darasa la kwanza alikaa muhula mzima bila kuelewa mwalimu anasema nini, kwa kuwa hakuna Kihadza shuleni, na kwamba alijifunza Kiswahili kwa kuangalia wenzake wanacheka lini. Watoto tuliowaona kambini walicheza na kugombana kwa Kihadza kitupu. Hilo lilimgusa Mwalimu kuliko kitu kingine chochote katika safari, kwa sababu wajukuu zake wa Dodoma hawajui Kisandawe hata cha kuombea maji. Nami sina la kumcheka: kwetu Kigogo kinaishia kwa mama, sisi tunakisikia, na watoto wetu wanakiona kama redio ya jirani. Sisi tuko wengi na bado tuko hivyo. Lugha yenye watu 1,000 haina akiba ya kuchezea, na katika maeneo yetu haya haya, Kiaasax na Kikw'adza vimeshapotea katika nusu ya pili ya karne iliyopita.

Kwa anayefikiria kwenda, nenda kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, barabara ya kutoka Nduguti inapopitika. Beba maji yako yote, usitegemee ya kambini, kwa sababu ambayo nimeshaieleza. Usibebe pombe kama zawadi, hata ukishauriwa. Beba chumvi au unga. Pita ofisi ya kijiji, saini kitabu, omba stakabadhi. Na kabla ya kulipa, uliza kampuni swali moja tu: mkalimani wenu ni nani, ni wa kambi gani, na analipwa kiasi gani. Wakikujibu kwamba mwongozaji ndiye mkalimani, mwambie akueleze jina la punda milia aliyekufa.

Magari na madereva nawapa nyota tano. Chakula nne. Mahema tatu, kwa heshima ya mawe yaliyotusaidia. Ukalimani wa kampuni siupi kitu, kwa maana hatukuuona. Ukalimani wa binti sina nyota za kuutosha, na haukuwa wao kuuuza.

Niliwaandikia kampuni barua pepe niliporudi, nikawaeleza habari ya rekodi na kuwapendekezea wamwajiri mkalimani wa Kihadza kwa kila safari, hata kama bei itapanda. Meneja alijibu kwa adabu kwamba wanathamini maoni ya wateja, lakini sera yao hairuhusu kutumia watu wasio na vyeti. Nilimuuliza cheti cha Kihadza hutolewa wapi na mwongozaji wao alikipata lini. Hiyo ilikuwa tarehe 9 Julai, na sijajibiwa.